Sabato ya Jumanne

Mungu aliumba mbingu na nchi kwa siku sita, na siku ya saba akapumzika. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu hakuwa mzee wa kanisa katika mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia. Papa Evariste alikuwa mzee wa kanisa, na kwa hiyo hakupumzika.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, tumbo la heshima, na duka la misumari, mabati na rangi karibu na soko. Siku tano za juma alisimama dukani. Siku ya sita, yaani Jumamosi, alivaa buti za mpira akawa shefu wa avenyu, kazi isiyo na mshahara ambayo aliipokea kwa furaha ya mtu aliyepewa filimbi. Jumamosi asubuhi ni salongo. Maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe au koleo, mitaro inazibuliwa, majani yanafyekwa, na shefu wa avenyu anapita akipuliza filimbi na kuandika majina ya wavivu. Papa Evariste alikuwa na mwandiko mzuri sana wa majina ya wavivu.

Lakini siku ya saba ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Jumapili saa kumi na moja alfajiri aliwafungulia waombaji mlango wa kanisa. Kukipambazuka alipanga mabenchi. Ikafuata ibada ya kwanza, ikafuata ya pili, kisha akapatanisha kwaya mbili zilizochukiana kwa ajili ya jina la Yesu. Mchana palikuwa na komite ya ujenzi, komite ya ndoa, na komite ya kuchunguza kwa nini komite ya ndoa haikubaliani. Giza likianza kuingia alirudi nyumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda kama gunia lililoteremshwa kutoka lori la Mahagi, akamwambia mkewe, Mama Brigitte, kwamba siku ya Bwana ilikuwa njema. Mama Brigitte alimvua viatu bila kujibu, maana miguu ile ilikuwa imejibu kabla yake.

Ng'ambo ya ua wa miti aliishi adui.

Adui aliitwa Kasereka, seremala wa milango na vitanda, mtu mwembamba mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Alikuwa Msabato. Ijumaa jua likizama alifunga karakana, na kesho yake, filimbi ya salongo ikilia, alitoa kiti, akakiweka mbele ya mlango wake, akavaa shati jeupe, akalaza Maandiko juu ya magoti na kukaa. Avenyu nzima ilichimba mtaro huku yeye akikaa. Mama waliokuwa wamebeba tope kichwani walipita mbele yake, naye akawaamkia kwa upole uliowaudhi kuliko matusi.

Si kwamba aliuacha mtaro wake. Aliusafisha Jumapili, wenzake wakiwa kanisani. Na kwa kuwa kanisa la Papa Evariste lilikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale, sauti ya koleo likikwangua mawe iliingia dirishani katikati ya sala ya toba. Hivyo Jumamosi Kasereka alikuwa mvivu anayewadharau majirani, na Jumapili alikuwa mpagani anayeinajisi siku ya Mungu, na mtu anayeweza kuwa mvivu na mchapakazi kwa makosa yote mawili si rahisi kumsamehe.

Jirani mwingine, Rachidi, fundi wa pikipiki na Mwislamu, alisema siku moja akiwa ndani ya mtaro, tope hadi magotini, kwamba yeye haelewi. "Siye tunasali siku ya tano, tukimaliza tunarudi kazini, hakuna vita. Nyinyi Wakristo muko na siku mbili za kupumzika, na hamujapumzika hata moja." Papa Evariste alimwandika kati ya wavivu.

Miaka miwili iliyopita vita vilikuwa vimepata jeraha lake. Kanuni ya avenyu inasema anayekataa salongo anakamatiwa chombo. Papa Evariste aliingia na wanaume wawili katika karakana, Jumamosi, wakatoka na randa, ile randa ya chuma ambayo Kasereka aliirithi kwa mwalimu wake wa kazi. Kasereka hakuinuka kitini. Alisema tu, "Kamata. Leo sibebi kitu, hata hasira." Watu walicheka, na hawakumcheka Kasereka. Tangu siku hiyo alinunua misumari mwisho kabisa wa mji, na akirudi alipita polepole mbele ya duka la Papa Evariste akitikisa pakiti ili misumari ilie.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, Papa Evariste alianguka dukani kati ya makopo ya rangi ya kijani.

Katika hospitali daktari kijana aliyeitwa Élise alimfunga kile kitambaa cha mkononi, akapima, akapima tena mkono wa pili kana kwamba wa kwanza ulidanganya. Tansiyo, yaani shinikizo la damu, ilikuwa kumi na tisa juu ya kumi na mbili. Alimuuliza anapumzika siku gani. Papa Evariste alijibu kwa fahari kwamba yeye ni Mkristo na anapumzika siku ya Mungu, kisha, kwa kuwa aliulizwa, akaieleza siku hiyo kuanzia waombaji wa alfajiri hadi komite ya mwisho. Daktari alisikiliza yote kalamu ikiwa hewani.

"Papa," akasema, "hiyo haiko kupumzika. Hiyo ni salongo ingine. Kamata siku moja, muzima, bila kazi, bila watu. Ukikataa, mbele ya Noeli tutakuzika."

Alisema maneno hayo Mama Brigitte akiwa chumbani, na hapo hapakuwa tena na njia ya kuyasahau.

Nyumbani palikuwa na ugomvi wa siku tatu. Mama Brigitte alimtaka aache komite. Mumewe alisema kanisa lingeanguka. Mama Brigitte alisema kanisa lina nguzo za saruji, yeye mwenyewe alibeba mchanga wake. Akamtaka basi aache salongo, apumzike Jumamosi. Papa Evariste alimtazama kama mtu aliyeombwa auze watoto.

"Siku ya posho, Jumamosi? Siku moja na Kasereka? Avenyu yote itasema ameshinda. Afazali kufa."

"Utakufa," alisema Mama Brigitte, "na filimbi mukononi. Na Kasereka ndiye atatengeneza sanduku, sababu anatumika muzuri kuliko wote."

Wazo hilo la sanduku lilimwingia Papa Evariste kuliko daktari. Alilala nalo, akaamka nalo, na Jumapili usiku akatangaza uamuzi. Jumamosi ilikuwa ya Kasereka. Jumapili ilikuwa ya komite. Yeye atapumzika Jumanne, siku ambayo hakuna nabii aliyewahi kuigombania, na hakuna mtu atakayejua. Dukani ataacha kijana wa kuuza, na kwa watu itasemwa kwamba amekwenda Marabo kuangalia ng'ombe zake.

Hivyo Sabato ya Jumanne ikaanzishwa duniani, na waumini wake walikuwa mmoja.

Kupumzika kwa siri, Papa Evariste aligundua, ni kazi ya watu wanne. Dirisha lilipaswa kufungwa, lakini si sana, kwa sababu dirisha lililofungwa kabisa mchana huleta maswali. Pikipiki ilifunikwa kwa magunia nyuma ya jiko. Kwenda chooni alipita kati ya migomba akiwa ameinama, mtu mzima, mzee wa kanisa, akikimbia kama mwizi wa kuku. Jumanne ya kwanza Mama Monique wa kwaya alikuja kutafuta funguo za kanisa, na Papa Evariste alisimama nyuma ya kabati robo saa nzima huku akishikilia pumzi na utando wa buibui ukimtekenya pua. Mama Brigitte, shemasi, mwenye cheti cha mafundisho, alidanganya mara nne kabla ya saa sita. Jioni alimpima mumewe kwa macho na kusema amechoka kuliko Jumatatu.

Jumanne ya tatu ndiyo iliyoharibika.

Kasereka alikuwa amepata kazi ya vitanda vya shule ya bweni, vitanda ishirini, na tangu asubuhi alikuwa akipiga misumari. Papa Evariste alilala chali gizani. Kila msumari ulimwingia kichwani. Alijaribu kusali, msumari. Alijaribu kuhesabu ng'ombe wa Marabo, msumari. Na kwa kuwa alikuwa ameuza misumari miaka ishirini, alitambua kwa mlio kwamba misumari haikuwa ya duka lake, ilikuwa ile laini inayojikunja, na uchungu huo ulikuwa juu ya uchungu mwingine. Saa nane mchana moyo ulianza kwenda mbio ndani ya mbavu. Aliinuka, akafungua mlango wa nyuma, akavuka migomba, akasimama kwenye ua akiwa na fulana, suruali ya kulalia na miguu mitupu.

"Kasereka, wacha kupiga."

Nyundo ilisimama hewani. Kasereka aliangalia fulana, akaangalia suruali ya kulalia, akashuka hadi kwenye vidole vya miguu. Furaha ilimjia usoni polepole, kama mtu anayefungua zawadi na hataki kuchana karatasi.

"Jambo, shefu. Ngombe za Marabo ziko namna gani?"

"Ziko muzuri."

"Zinakula?"

"Nimekwambia wacha kupiga."

"Leo ni siku ya pili. Siku ya pili watu wanatumika. Nionyeshe kanuni ya avenyu yenye inakataza."

Papa Evariste alisema ni mgonjwa. Kasereka aliuliza mgonjwa gani anakwenda Marabo. Akaendelea, bila haraka, kuhesabu kwa vidole: Jumanne iliyopita Marabo, na ile ya mbele yake Marabo, lakini pikipiki iko chini ya magunia, na moshi wa jikoni ni wa bugali ya watu wawili, na mtu fulani mnene anakimbia kati ya migomba. Vidole vilibaki vimenyooka.

"Weye unapumzika," alisema, kwa sauti ya kumkamata mwizi. "Shefu wa avenyu iko na Sabato yake. Ya siku ya pili."

Alicheka mpaka akashika mguu wa kitanda asianguke. Alicheka kwa Kiswahili, kisha akaongeza maneno ya kwao ambayo Papa Evariste hakuyaelewa lakini aliyahisi. Damu ilimpanda hadi masikioni.

"Angalau miye nalala ndani," akasema. "Sisumbui mutu. Weye unaleta kiti, unavaa shati nyeupe, unakaa inje kama mufalme mupaka watu wote wakuone. Juu ya nini usikae ndani kama Mukristo?"

"Juu yako."

"Juu yangu namna gani?"

Kasereka aliweka nyundo chini. Hakucheka tena, na uso wake usio na kicheko ulikuwa mbaya zaidi.

"Unazani ile kiti ni ya kupumzika? Zamani nilikuwa napumzika. Siku ya posho nilikuwa nalala mupaka saa mbili, tunaimba na watoto, bibi yangu anasoma. Tangu ulikamata randa, nakaa inje. Jua inanichoma, mugongo inauma, bibi ananiita ndani nakataa. Maandiko iko kwenye magoti, sisomi. Nakuangalia weye. Naangalia namna unatoka jasho. Ile ndiyo ibada yangu, miaka mbili."

Papa Evariste alikuwa ametayarisha matusi matatu. Aliyapekua moja moja na hakuona linalofaa. Kilichomjia mdomoni kilikuwa kitu ambacho hakukusudia kukitoa.

"Miye nikifika kwako napuliza filimbi mara mbili. Kwa wengine mara moja."

"Najua. Naihesabu."

Walitazamana juu ya ua. Kuku alipita katikati, akaona hali, akarudi. Papa Evariste aliona waziwazi, kama mtu aliyewashiwa taa usoni, Jumamosi zote za miaka miwili: yeye akipuliza, mwenzake akikaa, na kila mmoja akiipeleka siku yake mbele ya Mungu kama fimbo iliyofungwa kitambaa cheupe. Hakupenda alichokiona. Hasa hakupenda kukiona pamoja na Kasereka.

"Munganga amesema mbele ya Noeli," alisema mwishowe.

"Mbele ya Noeli nini?"

Papa Evariste alionyesha ardhi kwa kidole.

Kasereka aliangalia mahali palipoonyeshwa, kwa muda, kama anayekadiria urefu. "Basi wacha kazi mbele kazi ikuwache," akasema. "Na usifikiri nitakuhurumia. Niko na vitanda ishirini." Akageuka, akaokota nyundo.

Papa Evariste alirudi kulala. Alisikia misumari minne. Kisha hakusikia msumari tena, alisikia msasa ukisugua mbao, taratibu, hadi jioni. Huenda misumari ya ile pakiti ilikwisha. Usingizi haukuja; alilala macho wazi akiwaza kwamba hata kitandani, gizani, bado alikuwa shefu, bado alikuwa mzee, bado alikuwa Marabo. Hakukuwa na siku yoyote ya juma ambayo Evariste mwenyewe, bila cheo, alikuwa nyumbani.

Jioni hiyo alimtuma Mama Brigitte apeleke randa. Hakuandika neno. Randa ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na kutu, na Kasereka akamrudishia Mama Brigitte ujumbe kwamba mtu asiyejua kupaka mafuta chombo cha mwenzake asithubutu kuuza hata msumari. Papa Evariste alisema hakutarajia shukrani kwa mbwa. Kwa hiyo amani haikuja. Lakini usiku huo walilala wote wawili mapema.

Ijumaa jioni komite ya wazee ilikutana ofisini kwa Pasta Delphin, mtu mrefu mwenye sauti ya kutosha viwanja viwili. Ajenda ilikuwa na mambo tisa. Kabla ya jambo la kwanza, Papa Evariste aliweka mezani funguo za kanisa, daftari la mabenchi na orodha ya komite zake, akasema anaziacha zote. Hakuomba likizo. Aliziacha.

Wazee walizitazama kwanza funguo mezani. Kisha wakaanza. Mzee Lambert aliuliza kama ni kweli, kama inavyosemwa sokoni, kwamba Papa Evariste amebatizwa kwa siri na Wasabato huko Marabo. Mwingine alisema randa imerudishwa, watu wameona kwa macho. Wa tatu, aliyekuwa akiitaka komite ya ujenzi kwa miaka mingi, alisema kwa huzuni kubwa kwamba yuko tayari kubeba mzigo. Pasta Delphin alingoja wamalize, akakunja mikono.

"Kazi ya Bwana haina konje, haina likizo, Papa Evariste. Shetani hana konje."

"Basi tusifuate Shetani," alisema Papa Evariste. Lambert alikohoa. "Pasta, Bwana mwenyewe alikamata konje. Siku moja muzima, na dunia haikuanguka. Miye nimekuwa nafikiri nikikaa chini kanisa itaanguka. Nimekuwa nafikiri niko na nguvu kumupita."

"Unaacha nyumba ya Mungu."

"Nimechunga mulango ya nyumba ya Mungu miaka kumi na moja. Sijaingia. Siku ya Mungu nataka kuingia."

Pasta alisema atamwombea, kwa namna ambayo watu husema watakushitaki. Walimwacha aondoke bila sala ya mwisho. Nje, Papa Evariste alitafuta mfukoni funguo kwa mazoea, akakuta mfuko mtupu, na mkono ukabaki humo hadi nyumbani, haujui pa kwenda.

Kesho yake ilikuwa salongo. Alivaa buti, akapuliza filimbi. Mbele ya nyumba ya Kasereka hapakuwa na kiti. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani watoto walikuwa wakiimba, wakikosea, wakianza upya. Watu walisimama na majembe. Wengine walisema amejificha kwa aibu, wengine walisema ni dharau ya aina mpya, na wote walikubaliana kwamba inafaa kuingia na kukamata tena randa, kwa kuwa sasa ipo. Walimtazama shefu. Papa Evariste aliangalia mtaro. Sehemu ya Kasereka ilikuwa safi kuliko zote, mawe yamepangwa, maji yakipita bila kugusa kitu.

"Mutaro yake iko wazi," akasema. "Kanuni inataka mutaro. Haitaki mutu atoke jasho mbele yetu." Akapita bila kupuliza. Nyuma yake alisikia mtu akisema shefu amelogwa, na mwingine akisema hapana, amehongwa kabati. Hakuandika majina yao.

Jumapili alikwenda kanisani saa tatu, saa ambayo watu wa kawaida huenda, na alishangaa kukuta kwamba jua huwa limekwisha kupanda. Hakubeba chochote. Mama Brigitte alitembea kando yake, naye hakujua aweke mikono wapi. Mlangoni alisimama Honoré, kijana mwenye utepe mpya wa protokole, yaani wa mpokea watu, begani na funguo kiunoni, akamsalimia kama mtu anavyomsalimia marehemu aliyerudi. Waliokaa mbele waligeuka. Mama Monique alimnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyofika mpaka mlimani. Papa Evariste alikwenda kukaa benchi la mwisho, kati ya mkewe na ukuta, pale wanapokaa wachelewaji na mama wenye watoto wachanga.

Mambo yaliharibika pasipo yeye. Mabenchi yalikuwa yamepinda. Kwaya mbili zilisimama kwa wakati mmoja na kila moja ikaanza wimbo wake. Mkono wa Papa Evariste uliinuka wenyewe kutoka gotini, na Mama Brigitte akaushusha na kuushikilia. Kwaya ziliimba nyimbo mbili kwa pamoja hadi mwisho. Halikuanguka bati hata moja.

Ndipo Pasta Delphin alipopanda mimbarani, akatangaza kwamba Bwana amempa neno kwa ajili ya mtu mmoja aliyemo humu. Neno lilihusu sisimizi. Alieleza jinsi sisimizi anavyoamka mapema. Alieleza jinsi asivyo na shefu wala mzee, lakini haachi komite. Aliuliza, akitazama benchi la mwisho, ni sisimizi gani walishamwona amelala. Waumini waliitikia kwamba hawajamwona. Akapandisha sauti, akauita uvivu mlango, akauita ngazi, akauita shimo, na kwa kila jina alipiga mimbari kwa kiganja, na kanisa zima liligeuza shingo nyuma kuona kama lengo limepatikana.

Papa Evariste alisikia sisimizi wa kwanza na wa pili. Moyo wake, uliokuwa umezoea kukimbia mbele ya sauti ile, ulingoja amri ya kukimbia. Amri haikuja. Hakuwa na mlango wa kulinda, wala jina la kutetea. Alikuwa amejivua yote Ijumaa, na kilichobaki hapo ukutani hakikuwa na mtu wa kukitaka ila Mungu. Jua liliingia kwa dirisha la pembeni likamkalia begani. Alifumba macho ili asali. Alianza kusema asante, akafika nusu ya neno.

Mkoromo wa kwanza ulikuwa wa adabu. Wa pili ulifika benchi la tatu kutoka mbele. Pasta alinyamaza katikati ya sisimizi. Honoré, mwenye cheo kipya na hamu ya kukitumia, alitoka mlangoni na kuja kwa hatua za kunyata, mkono umenyooshwa kumgusa mzee bega.

Mama Brigitte hakuinuka. Aligeuza tu uso. Alikuwa amebeba mchanga wa kanisa lile, amedanganya mara nne kwa siku Jumanne tatu, na alikuwa amengoja miaka kumi na moja kumsikia mwanamume huyu akilala mchana.

"Muguse," alimwambia Honoré polepole, "uone."

Honoré alirudi mlangoni. Pasta aliendelea na mahubiri kwa saa moja zaidi, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, na hakuna sisimizi hata mmoja aliyemfikia Papa Evariste.